Mnunua Kobe na Ajiandae kwa Jike

Mchagua nazi, walisema wahenga, hupata koroma. Methali hii ilinijia akilini mpwa wangu anayeishi Chicago, nchini Marekani, aliponiandikia kwamba mwanawe anataka kufuga kobe wa maji. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa bayolojia, aliniuliza: "Mjomba, nimnunulie dume au jike?"

Kobe anayemtaka ni yule mwenye mabaka mekundu kando ya kichwa, ambaye asili yake ni bonde la mto Mississippi. Wafugaji wengi hupendelea dume, na wana sababu. Gamba lake aghalabu halipiti sentimita 20, ilhali la jike hufikia 25 na hata zaidi. Isitoshe, jike hutaga mayai hata kama hajawahi kuonana na dume. Asipopata mchanga mkavu wa kufukia mayai hayo, huweza kuyazuia tumboni hadi yakamuua.

Basi si afadhali kuchagua dume? Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Dume hutambulikana kwa kucha ndefu za miguu ya mbele na mkia mrefu, mnene. Lakini dalili hizo hazionekani kwa kobe mchanga; huchukua miaka kadhaa kujitokeza. Sheria ya Marekani imepiga marufuku tangu 1975 kuwauza kama wanyama wa kufuga kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu ya viini vya salmonela, hata hivyo wangali wakiuzwa. Muuzaji anayeapa kwamba kitoto hicho ni dume anabahatisha tu.

Wanafunzi nao wajue kwamba jinsia ya kobe huyu haiamuliwi na kromosomu, kama ilivyo kwetu wanadamu, bali na joto la kiota. Mayai yanayoatamiwa katika nyuzi 26 hivi hutoa madume. Yale ya nyuzi 31 na zaidi hutoa majike.

Ushauri wangu kwa mpwa wangu ulikuwa huu: jiandae kwa jike. Tayarisha tangi kubwa, mahali pa kuota jua, mchanga wa kutagia na moyo wa kumtunza kwa miaka 20 au 30. Akitokea dume, hujapoteza kitu. Asiyeweza hayo asinunue kabisa. Wengi walionunua kwa pupa waliishia kuwatupa kobe wao mabwawani, wakawasumbua viumbe wenyeji. Ndiyo maana Ulaya ilizuia kuwaingiza mwaka 1997.

Nasi walimu wa Kenya tusijitoe lawamani. Tusiwaache wanafunzi waokote kobe porini na kumleta darasani, kwani sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai kibali. Tuwafundishe kwamba kabla ya kuuliza dume au jike, mtu hujiuliza kwanza: je, mzigo huu nitauweza?