Malisho ya Mji ni Mali ya Nani?

Wako watu wanaodhani kuwa mji ni mahali ambapo jembe limekwisha kazi. Dhana hiyo si ya kweli, na historia ya miji ya mikoani nchini Urusi yaikanusha waziwazi. Mji wa Rostov, kando ya Ziwa Nero, haukupata sifa kwa kengele za kanisa lake kuu peke yake, bali pia kwa vitunguu, njegere na chikori. Matope yaliyozolewa ziwani ndiyo yaliyokuwa mbolea, na wakulima wa wilaya hiyo walibobea hata wakawa wanakodi viwanja Moscow na Petersburg ili walime mboga huko. Suzdal nao ulijulikana kwa matango, na Vladimir kwa matunda ya cheri.

Nyuma ya nyumba ya fundi au mchuuzi palikuwa na bustani, na nje ya mji palikuwa na malisho ya pamoja. Ng'ombe wa mjane na ng'ombe wa tajiri walikula majani mamoja. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu.

Tarehe 21 Aprili, 1785, Malkia Catherine wa Pili alitoa Hati ya Miji. Siku hiyo hiyo alitoa hati nyingine ya kuthibitisha haki za makabaila, nao ndio waliomiliki wakulima kama mali. Kwa hiyo hatuna sababu ya kumpamba. Hata hivyo, hati ya miji ilikuwa na kifungu kimoja cha busara: malisho ya mji yasijengwe, na mji utakaoyajenga usipewe mengine wala usinunue, bali ukodi.

Tatizo lilikuwa wasimamizi. Sheria ya Miji ya mwaka 1870 iligawa wapiga kura katika makundi matatu kwa kadiri ya kodi waliyolipa, na kila kundi likachagua theluthi ya madiwani. Matajiri wachache wakawa na sauti sawa na mamia ya wenye vibanda, na asiyelipa kodi ya mji hakuwa na sauti kabisa. Baraza la namna hiyo ndilo lililoamua ardhi ya mji ikodishwe kwa nani na kwa bei gani. Je, mjane mwenye ng'ombe mmoja angemlilia nani?

Agosti 1918 serikali ya Kisovieti ilifuta umilikaji binafsi wa viwanja vya mijini. Chini ya Kanuni ya Ardhi ya mwaka 2001, viwanja vyanunuliwa na kuuzwa. Suzdal, ambao reli ya Moscow hadi Nizhny Novgorod iliupita kando mwaka 1862, umebaki mji mdogo wa watu wapatao 10,000, na watalii wamekuwa tegemeo lake kubwa. Watalii hao huja kutazama makanisa yaliyozungukwa na bustani na majani mabichi, si kutazama hoteli. Diwani wa huko atakapoletewa ombi la kujenga ukingoni mwa mto Kamenka, twamshauri akisome kwanza kile kifungu cha mwaka 1785, kisha awaulize wenye bustani.