Njia ya Piswa Yatufaa Zaidi

Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanywa hapa Jinja, wengi waliinua mikono kukubali kwamba safari yetu ya Desemba ya kupanda Mlima Elgon, pamoja na vijana wa Sinia Tatu, ipite njia ya Sasa. Mimi sikuinua wangu. Naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze sababu, maana jambo hili halihusu magoti yangu peke yake.

Njia ya Sasa ndiyo fupi kuliko zote za upande wetu wa Uganda, na ndiyo kali kuliko zote. Waanza Budadiri, penye mita 1,250 hivi juu ya bahari, na siku ile ile ya kwanza wapanda mpaka kambi ya mto Sasa, mita 2,900 hivi. Njiani kuna majabali ya Mudangi yenye ngazi, kwa kuwa hayapandiki kwa miguu mitupu. Siku ya pili ni pango la Mude, kisha kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, na siku ya nne umerudi chini. Ni safari ya kumpendeza kijana wa miaka kumi na saba. Sisi nasi ilitupendeza tulipokuwa na umri huo, na nafikiri mikono ile iliyoinuliwa mkutanoni ilikuwa ya vijana wale wa zamani, si ya mabwana waliokuwa wameketi vitini.

Maana tazameni maisha yetu ya sasa. Jinja ni mji wa tambarare. Matembezi yetu ya jioni yakizidi sana hufika kwenye daraja jipya la Nile, lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525 na lisilo na kilima hata kimoja. Mtu akilitembea kila siku atapata pumzi nzuri, lakini misuli ya mapaja yake haitajifunza kushuka.

Huko Ulaya, katika milima ya Alps, kuna mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni, uitwao ski. Wenyewe wameipaka miteremko yao rangi. Ufaransa, mathalan, kijani ni ya wanaoanza, buluu ni rahisi, nyekundu ni ngumu, na nyeusi ni ya mabingwa. Mtu aliyekuwa hodari wa kadiri, kisha akakaa miaka kumi bila kuteleza, hushauriwa ashinde kwanza kwenye buluu hata mwili ukumbuke, ndipo ajaribu nyekundu, wala hakuna amchekaye. Tena wajua kwamba rangi si yote: buluu iliyoganda barafu asubuhi yaweza kumshinda mtu kuliko nyekundu ya mchana. Uganda theluji yetu ni ile ya Rwenzori tu, nayo inazidi kupungua, lakini busara hii twaweza kuiazima bila theluji.

Ningepewa mimi brashi, ningepaka kijani vijia vya kutazama maporomoko ya Sipi. Buluu ningeupa Wanale, ule ukuta wa mlima uliosimama juu ya mji wa Mbale. Piswa ni nyekundu. Sasa ni nyeusi, na hasa wakati wa kuteremka.

Hapo pa kuteremka ndipo wenzangu hawakutaka kunisikiliza. Kupanda huchosha kifua, na kifua kikichoka husimama ukapumzika. Kushuka huvunja mapaja, kwa sababu msuli hufanya kazi ya breki huku ukivutwa, na maumivu yake hayaji papo hapo bali kesho yake na kesho kutwa. Kwa njia ya Sasa, mtu mwenye mapaja yaliyokwisha kuumwa atazikuta ngazi za Mudangi zikimngoja siku ya mwisho, labda na udongo umelowa. Mzee mmoja akikwama hapo, msafara wote umekwama, na wale vijana wa Sinia Tatu watakuwa wapagazi wetu.

Piswa yaanzia Kapkwata, ambako tayari ni juu ya mita 2,000. Tukilala hapo usiku mmoja, mwili huanza kuzoea hewa nyepesi. Siku ya kwanza yapita katika misitu ya miti ya kupandwa, kwa mwinuko wa taratibu, hata kambi iliyo karibu na mita 2,900. Sitaki kuisifu kupita kiasi: kambi inayofuata, ya Hunter's Cave, i juu ya mita 3,800, na kupanda mita 900 na zaidi kwa siku moja kisha kulala huko si jambo jema kwa mtu yeyote. Kwa hiyo nashauri tukae siku nzima ya ziada katika kambi ya kwanza. Enyi vijana, msidhani nawasemea wazee tu. Ugonjwa wa milimani hauulizi umri, na kijana mwenye mbio ndiye mara nyingi aumwaye kichwa kwanza. Tena turudi kwa njia ile ile, tusikubali kushukia Sasa kwa ajili ya kufupisha.

Limesemwa neno moja la haki dhidi yangu: siku nyingi ni fedha nyingi. Ada ya hifadhi, waongozaji na wapagazi hulipwa kwa siku, na wazazi wa Sinia Tatu wengi wao ni wakulima. Basi siku za ziada tuzilipe sisi tulio na mishahara, kwa kuwa ni magoti yetu yanayozidai. Mimi nimekwisha mpa Katibu fungu langu.

Jumamosi moja ya Oktoba nitapanda Wanale na kushuka kwa miguu, na atakaye aje. Mwenzetu atakayeweza kupanda ngazi za ofisini kwake Jumatatu bila kushika ukuta, na bado akaitaka Sasa, nitamsikiliza.