Insulini ya bakteria: kiwandani ni rahisi, Bunia ni safari ndefu

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza mjini Bunia, jimboni Ituri, anahitaji insulini kila siku ili aishi. Mwili wake hauitengenezi tena. Akiikosa kwa siku chache tu, anaweza kufariki.

Zamani homoni hiyo ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978, wanasayansi wa kampuni ya Genentech na kituo cha City of Hope, huko California, Marekani, waliingiza jeni za insulini ya binadamu ndani ya bakteria aina ya E. coli, ambao kwa kawaida huishi utumboni. Bakteria hao hulishwa sukari ndani ya matangi makubwa, huzaana kwa kasi na kutengeneza insulini, ambayo kisha husafishwa na kuwa dawa. Marekani iliiidhinisha mwaka 1982, ikiuzwa na kampuni ya Eli Lilly. Watengenezaji wengine hutumia hamira, jamii ileile inayoumua mkate.

Tangu hapo, kutengeneza insulini si kikwazo kikubwa tena. Kikwazo ni kuifikisha kwa mgonjwa.

Kwanza, kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, zinashikilia sehemu kubwa ya soko la dunia, na hazina ushindani mkubwa wa bei. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianza mwaka 2019 mpango wa kuidhinisha watengenezaji zaidi ili kuongeza ushindani huo.

Pili, ni barabara. Ituri iko mbali na bahari, na bidhaa nyingi huingia kutoka Uganda. Barabara ya kitaifa nambari 27, kati ya Bunia na Mahagi, imeshambuliwa mara nyingi na makundi yenye silaha. Jimbo limekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na maelfu ya wakimbizi wa ndani wanaishi kambini, mahali ambapo hakuna friji.

Friji ndilo jambo la tatu. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Lakini utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa insulini haikupoteza nguvu kwa wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37, kama linavyopanda na kushuka katika kambi ya Dadaab, Kenya.

Matokeo hayo yana uzito kwa Bunia. Mgonjwa aliyeko kambini anaweza kupewa dawa ya wiki kadhaa badala ya kutembea kila siku hadi kituo cha afya kwa sindano moja. Lakini hilo litawezekana tu ikiwa kituo chenyewe kina akiba, na akiba hiyo inategemea usalama wa barabara na bajeti ya afya.