Silabusi igawe, video ngoja kwanza
JIRANI NA JIRANI, na Mapendo Safari

Jumamosi, chini ya mwembe mtaani Mudzipela, hapa Ituri, niliwakuta wanafunzi watano wameinamia simu. Silabusi ya takwimu alikuwa nayo mmoja tu. Akamrushia mwenzake kwa programu ya Xender bila kula hata mega moja: simu ya mtoaji hufungua wifi yake yenyewe, ya mpokeaji ikaingia humo, faili ikapita. Sasa wenye nayo ni wawili, wakawarushia wawili wengine. Wa tano akawa na wanne wa kuwaomba.

Seva moja ikivamiwa na watu elfu hulemewa. Kwa njia ya wanafunzi hawa, kila anayekuja kuomba huwa mtoaji mpya. Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alipotoa BitTorrent, programu ya kugawana faili, aliikata faili vipande vipande, ili mwenye kimoja aanze kukigawa huku akisubiri vingine. Kipande adimu hutafutwa mapema, kisije kikapotea mwenye nacho akizima mashine. Mchoyo huwekwa nyuma ya foleni.

Sisi Wakongo tunajua kwa nini hili ni muhimu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Siku hizo, kitabu ulichoweza kukipata ni kile kilichokwisha kulala kwenye simu ya jirani.

Ila kuna jambo linaloninyima usingizi. BitTorrent hukikagua kila kipande kwa alama yake, kama alama ya kidole; ikibadilika herufi moja tu, kipande kinakataliwa. Alama hiyo inathibitisha kwamba hakuna aliyekigusa njiani. Kama aliyekitoa mwanzo alisema kweli, haijui. Na video zinazopita simu hadi simu hapa Ituri hazina hata ukaguzi huo. Maiti wa miaka iliyopita wakiitwa wa jana, kuna kijana atashika panga usiku huo huo. Ndugu yangu, kama hujui nani aliipiga video, wapi na lini, iishie kwako, hata aliyekutumia akiwa mjomba wako.

Silabusi, igawe. Wale wa Mudzipela walipomaliza, yule wa tano hakuzima simu. Mwenzao mmoja alikuwa bado njiani, anatoka Nyakasanza kwa miguu.