Pensheni ya Wazee Ivuke Bahari

Ndugu zangu wa Tanzania Bara, tangu Aprili 2016 mzee wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 hupokea pensheni ya serikali kila mwezi, hata kama umri wake wote aliumaliza kwenye ngalawa au shamba la mwani. Haulizwi aliajiriwa wapi. Ilianza kwa shilingi 20,000, ikapandishwa hadi 50,000. Sisi tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na pensheni kwa wazee wote bado tunaisikia majukwaani tu.

Mwaka 2000 mtoto aliyezaliwa nchini alitarajiwa kuishi miaka hamsini na kidogo. Leo ni zaidi ya 65. Ni neema, lakini miaka hiyo ina gharama. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, inawabeba hasa walioajiriwa. Mkulima, mama lishe na fundi wa mtaani wamebaki na watoto wao. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi simu inaita kutoka kijijini, nawe unatuma, pamoja na ya kutolea. Hiyo nayo ni kodi, ila haina kiwango wala risiti, na humwangukia yule mmoja katika ukoo aliyebahatika kupata mshahara. Huyo huyo hawezi kuweka akiba ya uzee wake. Na bibi aliyezika watoto wake, akaachiwa wajukuu wa kulea, ampigie nani?

Tutaambiwa fedha hakuna. Tupige hesabu. Kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, kila wazee milioni moja watahitaji bilioni 600 kwa mwaka. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, hiyo ni kama asilimia 1.2 yake. Si fedha ndogo, ila sioni kwa nini iitwe ndoto. Wengine watasema wapewe maskini tu, na TASAF ipo. Sawa, lakini nani hajasikia ugomvi wa nani kaandikwa na nani kaachwa? Umri hauna ubishi mwingi kama umaskini.

Basi tusilalamike vijiweni. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu: nendeni, na ombeni pensheni ya wazee iwe ajenda, iandikwe kwenye muhtasari. Vijana wenye simu, wasaidieni wazee wa mtaa kufuatilia namba za NIDA, maana mzee asiyejulikana umri wake ataachwa hata fedha zikija. Mabaraza ya wazee yasingoje kuitwa kwenye sherehe. Bunge huanza kikao cha bajeti Aprili, na bajeti kuu husomwa Juni. Muhtasari wenu uwe umemfikia mbunge kabla ya hapo, na nakala yenye muhuri ibaki mikononi mwenu.