BARAZA LA AFYA: Insulini na Moyo Uliokatikiwa na Damu



Dada mmoja ametuuliza: mama yake alipopatwa na shambulio la moyo, kwa nini madaktari walimtundikia dripu ya insulini? Maradhi ni ya moyo, sukari imeingiaje? Tumeona tumjibu hapa, kwani wako wengi miongoni mwetu waionao insulini kuwa ni sindano ya mwisho, na wazee wengine huikataa kwa sababu hiyo.

Ifahamike kwanza kuwa moyo, ukiwa salama, huchoma mafuta zaidi kuliko sukari. Lakini mafuta hutaka oksijeni nyingi. Damu ikiganda na kuuziba mshipa unaoulisha moyo, oksijeni hukatika na msuli wake huanza kufa. Hapo sukari ndiyo kuni bora, kwani kwa oksijeni ileile hutoa nguvu zaidi. Insulini huiingiza sukari hiyo katika chembe za moyo, na huyapunguza mafuta yaliyomo katika damu. Tena, katika majaribio ya maabara kwa mioyo ya wanyama, insulini iliyotiwa wakati damu inaporudi ilizikinga chembe nyingi zisife. Maana, ajabu ni kuwa kule kurudi kwa damu nako hujeruhi.

Daktari Demetrio Sodi-Pallares wa Mexico alieleza tiba ya glukosi, insulini na potasiamu mwaka 1962. Mwaka 1995 yakatoka matokeo ya utafiti wa DIGAMI wa Sweden, kwa wagonjwa 620 waliopatwa na shambulio la moyo nao wana kisukari au sukari imepanda. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliotiwa insulini walifariki kama 19. Katika wenzao, 26. Watu wakafurahi. Lakini mwaka 2005 utafiti wa CREATE-ECLA, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 20,000 wa kila aina, haukuona tofauti: katika siku 30 walifariki kama 10 kwa kila 100 pande zote mbili. Maabara ni kitu kimoja, wodi ni kitu kingine.

Kwa hiyo leo mchanganyiko ule si tiba ya kawaida ya shambulio la moyo. Mwenye kutiwa insulini, kama mama yule, mara nyingi hutiwa kwa kuwa sukari yake imepanda mno, na si dalili ya kukatiwa tamaa.

Asitokee mtu akamdunga mzee insulini nyumbani kwa sababu kifua kinamuuma. Sukari yaweza kushuka ghafla ikamuua. Na mwenye kisukari huenda asihisi maumivu makali: hutoka jasho, huishiwa na pumzi, hupata kichefuchefu. Pigeni simu papo hapo, 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman, na ambulensi ikifika waambieni wahudumu kuwa mgonjwa ana kisukari, na kwamba alijidunga insulini saa ngapi.