DAKTARI NA AULIZE KAZI YETU



Mwenzetu wa zamu ya usiku alikwenda zahanati kwa sababu ya mafua. Hakuulizwa neno. Akapewa vidonge: "Kimoja mara tatu, haya, mwingine!" Usiku ule alisinzia kando ya reli, na wenzake wakamwamsha kabla treni haijafika. Aliyempa alijua kwamba vidonge vile huleta usingizi. Hakujua tu mgonjwa wake afanya kazi gani.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka tuelezwe hali yetu, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha tuielewayo. Hatuombi hisani. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya.

Sasa wengi wetu twaenda kwa tabibu mwingine, ingawa ni mbali. Chumba ni kidogo, benchi moja. Lakini huuliza: "Wafanya kazi gani? Zamu ipi? Wala nini?" Kisha mgonjwa hurudia maelezo, ajulikane kama ameelewa. Benchi hujaa tangu alfajiri. Wenye zahanati wanaolalamika kwamba twawakimbia, na waje waketi pale asubuhi moja.

Nawe ndugu, usiondoke dirishani kabla hujauliza: dawa hii yaleta usingizi?